Aliyeonja Futari kwa Amri

Mbeyu alifukuzwa kazi mbele ya watu kwa kuonja mchuzi mchana wa Ramadhani, na aliyemfukuza ndiye aliyemwamuru aonje.

Shule aliyokuwa akiipikia ni ya Kiislamu, iko Garsen, lakini wafanyakazi ni mchanganyiko: Waorma, Wapokomo, Wasomali, na Mbeyu, Mgiriama Mkristo kutoka Tarasaa. Mwalimu mkuu, Ustadhi Gollo, alijisifia sana hilo. Kila Jumatatu aliwakusanya wote, walimu hadi mlinzi, akawahubiria heshima na uadilifu.

Mwezi ulipoandama aliingia jikoni mwenyewe. "Mama Mbeyu, sisi tumefunga, na Safiya amefunga. Wewe ndiye ulimi wetu. Onja, futari isituaibishe."

"Na watu wakiniona, Ustadhi?"

"Nani atakuuliza na mimi nipo?"

Safiya, mpishi mwenzake, alicheka. "Tuonjee, dada, lakini usitumalizie!"

Akaonja. Kisha wafadhili wakaja kutoka Mombasa. Walichungulia jikoni wakamkuta na mwiko mkononi, mchuzi kiganjani, anaulamba.

"Huyu anakula humu, saa hizi?" mmoja aliuliza.

Mbeyu alimtazama Gollo. Gollo alitazama sufuria.

Jumatatu alimsimamisha katikati ya kikao. "Leo tunazungumzia uaminifu. Huyu tulimpokea kama ndugu, naye akatudharau ndani ya mwezi mtukufu. Mtu kama huyu hawezi kuwalisha watoto wetu."

"Ustadhi, si wewe uliyenituma?"

"Mmeona? Sasa ananizulia."

Watu walicheka. Mbeyu akageuka. "Safiya, mwenzangu, sema. Ulikuwepo."

Safiya alichezea ncha ya mtandio. "Mimi nilikuwa napepeta mchele. Sikusikia kitu."

Akavuliwa aproni pale pale, kama mwizi.

Jioni ile futari ilikuwa chumvi tupu, watoto wakatema. Hata hiyo wakasema ni yeye, eti ameliroga jiko. Sasa akipita sokoni, wauza maziwa humpigia kelele: "Mama, leo umeshiba?" Akiomba kazi hotelini anaambiwa, "Wateja wangu wanafunga, mama, utanikimbizia watu."

Kurudishwa jikoni hataki. Anachomdai Gollo ni sentensi moja, aisimamie Jumatatu mbele ya watu wale wale: "Mimi ndiye niliyemtuma." Na Safiya anadaiwa fupi zaidi: "Nilisikia." Mpaka leo hakuna aliyelipa.