Baroneti wa Baba Yangu

Kwa miaka kadhaa sasa nimekula, nimelala na kulipa pango kwa hisani ya Mzungu mmoja aliyekufa zamani. Alikuwa baroneti, yaani mtu wa cheo kinachomfanya aitwe "Sir" na ambacho mwanawe wa kwanza wa kiume hukirithi kama anavyorithi pua. Aliishi Uingereza katika karne ya kumi na nane, akakaa bungeni karibu utu uzima wake wote, na kwa kadiri ninavyojua alisimama kuzungumza mara chache sana, mojawapo ikiwa juu ya barabara iliyopita karibu na shamba lake. Ndiye ninayeandika habari zake katika tasnifu yangu ya udaktari hapa Columbus, Marekani, katika chumba nilichopanga jirani na chuo. Watu huniuliza kwa nini Mkongo asome habari za mtu kama huyo. Zamani nilikuwa na jibu refu. Siku hizi nasema tu kwamba ufadhili ulikuwa huko.

Baba anaishi Louisville pamoja na binamu yangu, mtoto wa kiume wa marehemu baba mdogo, ambaye ni mtu mzima na anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Kila Jumapili baada ya ibada baba hunipigia simu, na kwa kuwa hapendi kuulizwa habari za sukari yake, yeye ndiye huuliza, na huuliza habari za baroneti. Anamfuatilia kama wengine wanavyofuatilia mpira. Alimsifu aliposhinda uchaguzi, akamlaumu alipogombana na mchungaji wa parokia yake.

Kaka yangu ana duka Buffalo, Grant Street, la unga wa muhogo, samaki wakavu na vitenge. Ana mke na mabinti wanne. Kwetu mkuu wa familia ndiye anayepokea wakwe, anayesimamia matanga na kukata maneno watu wakigombana. Baada ya baba kazi hiyo ni ya kaka, na baada ya kaka ni ya mwanawe wa kiume. Mwana huyo hayupo, na hatakuwepo, kwa sababu wifi yangu alitolewa kizazi baada ya binti wa nne. Basi mwaka jana baba, mzee wa kanisa anayeimba besi Jumapili, aliamua kwamba kaka azae na mwanamke mwingine. Alikwishampata, yuko Uvira, kwetu Kongo, na picha yake ilikuwa kwenye simu ya baba. Wifi aliniambia bila kulia kwamba kaka akikubali, yeye atachukua watoto wake na kuondoka. Nilimwamini. Ni mtu wa kusema jambo mara moja.

Nilikasirika sana. Lakini kwetu mtoto hamkemei baba yake, humtolea mfano. Nami mfano nilikuwa nao.

Baroneti wangu alioa mara mbili. Mke wa kwanza alimzalia mabinti watatu, akafa katika uzazi wa tatu. Wa pili alizaa binti mmoja, na mtoto wa kiume aliyekufa kabla ya kuota meno. Mabinti ndio waliobaki naye. Mkubwa aliendesha nyumba, wa pili alimsomea magazeti macho yake yalipofifia, wa tatu alifuatana naye London wakati wa vikao vya bunge akimfunga vitambaa miguuni kwa sababu ya jongo, na wa nne alimchekesha. Alipokufa, cheo na nyumba vilikwenda kwa mtoto wa ndugu yake, askari aliyekuwa amefika pale mara mbili tatu tu. Kabla majani ya mwaka huo hayajapukutika, mabinti wote wanne walikuwa wamehamia nyumba ya kupanga mjini, wao na mbwa wa baba yao.

Nilimsimulia baba hayo yote Jumapili moja, polepole, nikikaza sauti nilipofika kwenye mbwa. Nikadhani nimempata.

"Donc, basi," akasema, "huyo muzee hakutafuta mwanamuke mwingine?"

"Hapana, baba."

"Na alikuwa na mali, na bunge, na byote?"

"Ndiyo."

"Bon, sawa. Na ule mutoto ya ndugu yake, alichunga nyumba muzuri?"

Nikasema ukweli, kwamba aliitunza, na hata miti aliongeza.

"Bon," akasema tena, akakata simu.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mimi nilileta kisa cha mabinti waliofukuzwa. Baba alisikia kesi iliyokwisha kukatwa na watu wakubwa. Sikulielewa hilo hadi alipotuita Buffalo mwezi uliofuata.

Ni safari ya siku nzima kutoka Louisville, na walinipitia Columbus. Binamu aliendesha, baba alikaa mbele amevaa suti, mimi nyuma nimepakata sufuria ya sombe, yaani kisamvu. Baba hakutuambia ameamua nini, na hatukuthubutu kumuuliza. Kaka anaishi juu ya duka lake. Tulimkuta wifi amekwisha kupika ugali na samaki, naye amevaa viatu ndani ya nyumba, jambo ambalo halifanyi kamwe.

Kabla ya chakula baba alisimama, akamsimulia baroneti. Alimsimulia vizuri kuliko mimi. Aliondoa jongo na mbwa, akamwongezea hekima.

"Ule muzee hakuvunja nyumba juu ya kutafuta mutoto mwanaume," akasema. "Alisema, mutoto ya ndugu yangu ni mutoto yangu. Bon, na miye ni nani nimupite? Nyuma yangu ni kaka yenu. Nyuma ya kaka yenu, familia itabebwa na huyu."

Akamwekea binamu mkono begani. Kisha akatoa simu, akaifuta picha ya yule mwanamke mbele yetu sote, kwa taabu kidogo kwa sababu vidole vyake ni vinene.

Wifi akavua viatu. Binamu alitazama sakafu. Nilifurahi na nilikasirika kwa pamoja: nyumba ya kaka ilikuwa imepona, na mabinti wake wanne walikuwa wametolewa nje kama wale wengine, tena kwa mfano wangu mwenyewe.

Binti mkubwa wa kaka alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Ana miaka kumi na mitatu, anaelewa Kiswahili chetu chote na hujibu kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza akamuuliza babu yake, na yeye je, atakuwa nani.

"Weye ni mutoto yangu," baba akasema, kwa upendo wa kweli.

Msichana akasema hilo analijua. Aliuliza atakuwa nani.

"Lete maji watu wanawe," mama yake akadakia.

Akaleta jagi na beseni, taulo begani. Kwetu maji ya kunawa hufuata daraja: mkubwa kwanza, kisha anayemfuata, hadi mdogo. Alipiga goti mbele ya babu yake, akammiminia bila kumwaga tone. Kaka, aliyekaa pembeni ya baba, alikuwa amekwisha kukunja mikono ya shati na kukinga viganja. Msichana akampita baba yake, akaenda kupiga goti mbele ya binamu, yule atakayebeba familia, na kaka akabaki amekinga mikono mitupu.