Siku Niliyomrudisha Mama wa Padri Chini ya Mlima

Mimi ninayejulikana hapa Bukavu (basi, tuseme ofisini kwetu na kwa majirani) kama mtu anayezielewa gari za hybride, ndiye niliyemrudisha mama wa padri chini ya mlima siku ya misa ya kwanza ya mwanawe, mbele ya parokia nzima, ngoma zikilia. Afadhali mlisikie kwangu. Watu wa Bagira wakiwasimulia watatia chumvi, na kusema kweli jambo lenyewe halikuhitaji chumvi.

Gari yangu inakwenda kwa mafuta na kwa umeme, na umeme wake unakaa ndani ya betri kubwa iliyofichwa nyuma ya kiti cha nyuma. Nilipoinunua, ikiwa tayari imeshatembezwa sana na watu wengine, marafiki walinicheka: "Deo, siku hiyo betri itakufa, utaitia pile za torche?" Mimi nikasoma, nikauliza, nikaangalia video, mpaka nikawa mimi ndiye ninayewafundisha wao, na rafiki yangu Jules akanunua gari kama yangu kwa sababu tu ya maneno yangu. Kwa hiyo msinionee huruma mkidhani sikujua. Nilijua kila kitu.

Nilijua kwamba betri ya namna hii ikizeeka haipungui mbele ya macho yako, inakudanganya: kwenye kioo cha vipimo cha gari inaonekana imejaa, tena inajaa upesi kuliko zamani, lakini ukipanda kilima kimoja tu imekwisha, kama mzee anayesema ameshiba kwa vijiko viwili halafu baadaye anatetemeka kwa njaa. Nilijua kwamba moteur, yaani injini ya mafuta, ikianza kuwaka na kuzimika kila mara hata gari ikiwa imesimama, na mafuta yakaanza kwenda ovyo, na ile feni ndogo inayopoza betri ikaanza kuvuma nyuma yako kama mtu anayepuliza moto wa makaa, basi ni wakati wa kwenda kupima. Yote hayo yalikuwa yameanza kwangu tangu mvua za kwanza, na mimi nikafanya nini? Nikaongeza sauti ya redio. Kupima kungekuwa kukubali, na nikikubali habari ingewafikia wale walionicheka, ingemfikia na Jules, na sikuwa tayari kumtazama Jules machoni.

Sasa niwaambie juu ya dada yangu mkubwa, Nsimire. Mume wake alifariki mtoto wao Ombeni akiwa bado anatambaa, akamlea peke yake kwa kulima na kubeba mboga mpaka sokoni, na kubeba huko kumemmaliza nyonga, hata ngazi za nyumbani kwake anazipanda akishika ukuta. Ombeni alipopata upadri, parokia aliyokulia kule Bagira ikamwandalia misa ya kwanza, na desturi yao pale ni kwamba padri mpya anatembea kutoka mlangoni mpaka altareni pamoja na wazazi wake, wao ndio wanaomtoa kwa Kanisa. Baba hayuko, kwa hiyo nafasi yake ilikuwa yangu mimi, mujomba. Dada hakuwa na mazungumzo mengine. "Mi nataka nitembee naye ile njia tu," aliniambia, "kisha hata nyonga ikitaka kuvunjika, ivunjike." Shida ilikuwa kufika mlangoni, maana kanisa liko juu, nyumba ya dada iko chini, na katikati kuna mlima wenye mashimo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitawapandisha wote wawili ndani ya gari isiyopiga kelele, watu waimbe na nyimbo zisikike.

Siku ikafika, jua kali. Kina mama wa parokia waliipamba gari kwa maua na vitenge mpaka nikawa naona mbele kwa shida. Padri Ombeni akakaa mbele pamoja nami, ndani ya kanzu yake nyeupe, kioo kimeshushwa apate kupungia watu mkono. Dada akakaa nyuma, kando ya zawadi: kuku wawili, kreti ya vinywaji, unga, vitenge vilivyokunjwa. Tulipoanza tu kuondoka, feni ikavuma.

"Deo," dada akasema, "kuko kitu hapa nyuma yangu, iko napumua. Si kuku?"

"Hapana, yaya," nikamjibu, maana ndivyo ninavyomwita dada yangu mkubwa, "ni hewa ya gari tu."

Padri akageuka. "Mujomba, gari iko sawa?"

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu, mdogo kabisa, ambao hata mtu aliyekuwa ndani ya gari asingejua ni uamuzi. Nikasema, "Yaya, ile tundu ya kando ya kiti, ufunike na kitenge, itanyamaza." Dada akachukua kitenge kipya, akakikunja, akakibana pale kwenye tundu (ni mwanamke wa kazi, akibana kitu kimebanika), na kweli kelele ikafifia. Nikajipongeza moyoni. Ile tundu ndiyo betri inayovutia hewa. Nilikuwa nimeziba pua ya mgonjwa mwenye homa, mwanzoni mwa mlima, na ninajua ninachokifanya.

Na mwendo wenyewe ulikuwa wa kuiua kabisa. Kina mama walikuwa wanatandika vitenge vyao barabarani ili padri apite juu yake, tukishapita wanaviokota, wanakimbia kuvitandika tena mbele, watoto wanarukaruka na majani ya migomba, wapiga ngoma wako mbele wanarudi nyuma ili wamwone padri usoni, na mimi ninawafuata taratibu kwa umeme mtupu, nusu mguu kwenye breki. Katikati ya mlima ikawaka pembetatu nyekundu mbele yangu. Moteur ikanguruma ghafla, ikatetemeka, halafu ile taa ndogo ya kijani inayosema gari iko tayari ikazimika, na kila kitu kikanyamaza. Ngoma ziliendelea kidogo, kwa sababu watu walifikiri nimesimama kwa heshima.

Nikabonyeza kitufe. Nikabonyeza tena. Watu wakaanza kusogea karibu na vioo, na nani akatokeza kichwa chake dirishani? Jules.

"Deo, ni betri?"

Ndugu zangu, ningesema ndiyo, mkasa ungeishia pale. Watu wangemtafutia dada namna nyingine, tungefika tumechelewa kidogo, basi. Lakini nilimwona Jules amenitolea macho, nikaona gari yake mwenyewe ndani ya yale macho, nikasema, "Hapana, hapana, ni kitu kidogo ya démarreur." (Gari yangu haina démarreur ya kawaida, ile mota ndogo ya kuwashia moteur. Ile betri kubwa ndiyo inayoizungusha moteur, na Jules angelijua hilo kama angesikiliza siku nilipomweleza.)

Sasa kila mtu Bukavu anajua dawa ya démarreur. Papa Mwalimu, katekista wao, mtu wa sauti kubwa, akapanda juu ya jiwe. "Banaume, mukuye hapa! Tugeuze gari, tuisukume kwa muteremuko, itawaka!" Padri Ombeni akashuka, akainama dirishani kwa mama yake: "Maman, mi natangulia na batu kwa miguu. Nitakungojea kwa mulango, siwezi ingia bila weye." Dada alitaka kushuka naye, lakini kina mama wakamzuia, wakasema akae tu asijichokeshe, gari inawaka sasa hivi. Wakaigeuza. Pua ya gari ikatazama chini, ikalipa kanisa mgongo.

Gari ya namna ile unaweza kuisukuma mpaka Kamituga, haitawaka. Nilijua hivyo mikono yao ikiwa tayari kwenye gari, nilijua wakati Papa Mwalimu anahesabu, na mdomo wangu ulifunguka kabisa kusema, halafu ukafungika. Wakasukuma. Tukateremka, usukani mzito, mimi ninajifanya ninafanya kazi fulani na kitufe na miguu, kuku wanapiga kelele, na nyuma yetu mama mmoja anakimbia akilia, "Kitenge yangu! Mushikilie kitenge yangu!" kwa sababu tulikuwa tumekinasa chini ya gari na tunakiburuta kwenye vumbi. Watu waliokuwa wamechelewa maandamano, wakipanda, walituona tunateremka na maua yetu, wakapiga makofi. Sikuthubutu kusimama. Nilikanyaga breki pale tu barabara ilipokuwa sawa, karibu na ile nyumba tuliyotokea asubuhi, na wanaume waliosukuma walikuwa wamebaki juu, wadogo kabisa, wakingojea kusikia moteur.

Dada alikuwa anapanga kilemba chake.

"Itawaka?" akauliza.

"Haitawaka, yaya."

"Na wakati banasukuma, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Niliona haya."

Nilimtazama kwenye kioo kidogo. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali awe nayo. Alitazama kule juu, ambako nyimbo zilikuwa zimeanza kusogea kuelekea kanisani. "Mi sikukuomba gari ya muzuri, Deo," akasema. "Nilikuomba unifikishe."

Akafungua mlango mwenyewe. Alikuwa anapita motard mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, mwanaume wa makamo mwenye ndevu za mvi, hana abiria. Dada akamsimamisha, akamwambia maneno machache tu: mwanangu ni padri leo, eko naningoja. Yule mtu alikunja koti lake la mvua, akaliweka kwenye kiti ili nyonga ya dada ipate kupumzika, akamshika kiunoni kwa adabu yote akampandisha, mimi nikiwa nimesimama kando nimeshika mkoba wake kama mtumishi asiyejua kazi. Nilitaka kuwafuata. Lakini gari ilikuwa imekaa vibaya barabarani, milango imekataa kufunga, zawadi za watu zote zimo ndani, na kulikuwa na kitenge cha mtu chini ya gurudumu. Nikabaki.

Nilisikia kengele. Halafu kimya, kirefu kwangu, halafu vigelegele vikashuka mlima wote, ndipo nikajua amefika na wanaingia. Nililia, sioni haya kulisema hili kwa kuwa haya yangu yote niliimaliza siku ile. Nilikuwa nimepiga magoti ninatoa kitenge cha watu kwenye gurudumu, na machozi yanaangukia kitenge. Jirani alipojitokeza kunilindia gari, nilipanda mbio, nikafika wako kwenye mahubiri, nikasimama nyuma karibu na mlango, mbele ya watu waliokuwa wakinipisha wakiuma midomo wasicheke. Kwenye karamu kila aliyenisalimia aliuliza hali ya betri kabla ya hali ya nyumbani.

Garajini walipoifungua walikuta feni imekabwa na vumbi na nyuzi za kitambaa, na ndani ya betri, ambayo ni visanduku vingi vilivyopangwa kama matofali, baadhi vilikuwa vimevimba. Wangeweza kubadilisha hivyo vibovu tu, ila vilivyobaki vina umri uleule na vingefuata kimoja kimoja, kwa hiyo nikabadilisha vyote. Kisha nikaenda kwa Jules, nikamwambia ukweli wote, ya kwamba ilikuwa betri, na ya kwamba aende akapimishe yake kabla ya kusafiri tena kwenda Bunyakiri. Alinitukana kidogo, akaenda, na feni yake ilikuwa karibu kufa. Tangu hapo gari yangu ikitoa kelele nisiyoijua, ninazima redio na kumwambia aliye ndani ni kelele ya nini, hata akiwa mgeni, hata akiwa bosi. Sitafunika tena kitu kinachopumua.

Dada alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili. Ameitundika picha ya misa sebuleni kwake. Padri yuko upande wa kushoto, dada katikati, vumbi limemjaa na anacheka na machozi, na upande wa kulia, amemshika kiwiko, casque yake, kofia ya pikipiki, mkononi, ni yule motard. Alitaka kumwacha mlangoni aende zake, lakini miguu ya dada ilikataa, na upande ule hakukuwa na mtu. Wageni wakiiona wanauliza yule mwenye ndevu ni nani. Dada haniaibishi, hasimulii chochote. Anajibu tu: "Ule? Ule ndiye mujomba wa Padri." Na mimi nimekaa palepale, kikombe cha chai mkononi, sikatai.