Pointi za Kamera

Niliamini kabisa kwamba kamera mpya ya barabara ya Garissa inawapa madereva pointi, na mwenye nyingi ataletewa cheti. Wenzangu hawakuiamini serikali. Walipaka namba za magari matope. Mimi niliyesoma shule ya usiku, ninayesherehekea hata alama moja, nilipita na pikapu yangu ya mbuzi kama ndege ya kivita, nikiitabasamia kamera.

Leseni ilipofungiwa, mkate wangu ulifungiwa pia. Nilikimbilia ofisini nikamlilia karani. Akaifinyafinya kompyuta, ikakataa. Kamera nayo ningeibembelezaje?

“Abti,” karani akaniita kwa heshima na lafudhi yake ya Kisomali, kama anavyomwita mjomba wake, “hizo bointi ni za makosa. Zikijaa, huendeshi gari.”