Muke Aliyekuja Kuomba Moto

Nikuambie kwanza: siku ile sikunywa kitu. Watu wa hapa Nchelenge, nikianza tu kutaja habari hii, wanacheka, wanasema mzee ametoka kwenye munkoyo. Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, unalewesha nani? Mimi ni mutu wa Likasi, nilibatizwa, nilisoma kwa mapadri mpaka darasa la sita, na mambo ya mizimu nilikuwa nayachekea meno nje. Kama mwingine angenisimulia haya, ningemufukuza kwangu. Lakini haki ya Mungu niliyaona kwa macho haya mawili, na mukono uliotoa ule moto ni huu hapa.

Ilikuwa katika miaka ile ya sabini, wakati watu wa ng'ambo ya ziwa, upande wetu wa Zaire, walikuwa wanakimbia vita. Mitumbwi ilikuwa inafika imejaa watu, mabulangeti, masufuria, kuku. Mimi nilikuwa nimehamia zamani kidogo kwa ajili ya biashara ya chisense, ule dagaa mudogo wa ziwa hili la Mweru, nikaoa Bupe, binti wa papa hapa kando ya ziwa. Bon, basi, pamoja na wakimbizi wakaja wezi, na wezi wale walikuwa na bunduki. Ujanja wao ulikuwa huu: giza likiingia wanatuma muke apige hodi na sauti ya kulia, nisaidieni, nisaidieni. Wewe na huruma yako unafungua, kumbe wanaume watano wamejibanza ukutani. Nyuma ya soko walimukatakata mwenye duka mumoja namna hiyo, mbele ya watoto wake.

Basi nami nikanunua bunduki. Ilikuwa ile ya mafundi wa kijiji, ya kushindilia baruti kwa mudomo, na ndani nilitia vipande vya misumari. Kwenye musitari wetu wa nyumba ni mimi peke yangu niliyekuwa nayo, ndiyo maana wakaanza kuniita Komanda. Nilipenda jina lile, sitakudanganya. Tulipatana hivi: Komanda akiona hatari anapiga moja hewani, na kila mwanaume anatoka na panga au mukuki. Jirani yangu wa karibu, Kayembe, ndiye aliyetoa shauri hilo. Naye alikuwa mutu wa mji kama mimi, tumetoka Likasi pamoja, nyumba yake ilitazamana na yangu, hatua thelathini tu katikati. Muke wake aliitwa Ngoie. Mwezi ule Ngoie alizaa mutoto mwanaume, Ilunga, na siku nne baadaye Bupe akazaa Mwenya wetu. Wote wawili wa kwanza. Watu walikuwa wanawaita mapacha.

Mama mukwe wangu akaja kumulea binti yake na mutoto. Unajua desturi ya huku: mukwe wa kiume na mama mukwe hawatazamani usoni, na akiwa na neno kwangu lilipitia kwa Bupe. Siku ya kwanza akapitisha neno moja: moto wa nyumba yenye mutoto muchanga hautolewi nje. Hata jirani akiomba kaa moja la kuwashia jiko lake, anyimwe, mpaka siku ile mutoto atakapotolewa nje na moto mupya kuwashwa. Nikasema ndiyo, mukwai, kwa heshima. Moyoni nilicheka. Moto ni moto, ndivyo nilivyowaza, na huko kwetu Likasi mutoto anazaliwa hospitali, ni moto gani huo?

Jioni yenyewe mvua ilinyesha kubwa, ikakatika jua likiwa limeshazama. Saa moja hivi. Bupe na mama yake walikuwa chumba cha ndani wanamuogesha mutoto. Mimi nilikaa mbele, karibu na mafiga, bunduki kwenye magoti, nimeweka gogo nyuma ya mulango. Nikasikia:

"Hodi."

Sauti ya muke. Kama wanavyotuma wezi, niambie wewe usingeogopa? Nikainua bunduki. Mbwa wa Kayembe, ambaye alikuwa anabwekea hata kipepeo, alikuwa kimya.

"Hodi, baba."

"Ni nani?"

"Ni miye. Muke tu na mutoto. Tumelowa. Unipe moto kidogo, baba, mutoto wangu anasikia baridi."

"Nyuma yako kuko nani?"

"Hakuna mutu."

"Sogea nikuone!"

Nikachungulia katika tundu la mulango. Mwezi ulikuwa umetoka. Nikamuona muke kijana, kikwembe kimemuganda mwilini, amefunga mutoto kifuani. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikatazama mpaka macho yakaniuma. Kweli alikuwa peke yake. Ee, nilivyopumua! Nilitaka kucheka. Jioni nzima nilikuwa nangoja wanaume watano wenye bunduki, na aliyekuja ni maskini mumoja anaomba kaa la moto.

Neno la mama mukwe nilikumbuka. Usifikiri nilisahau. Nilisema tu moyoni, hawa wamama hawataona.

Nikaokota kaa moja kwenye mafiga, nikaliweka juu ya kigae. Nikasogeza gogo, nikafungua mulango upana wa mukono. Mukono wa kuume ulishika bunduki, nimemuelekezea tumboni. Wa kushoto ukamupa kigae. Komanda gani mwingine angekuwa na akili kama mimi?

Hakukamata kigae. Alichukua lile kaa lenyewe, na vidole vitupu, akalifumbata. Hakushtuka. Mukono wake ulikuwa unachuruzika maji, na mvua ilikuwa imeshakatika, lakini kaa halikulia hata kidogo. Nikaona konokono mudogo wa ziwani ameshika kwenye nywele zake, juu ya sikio.

"Asante, baba," akasema. "Mungu akuangalie."

Nikafunga haraka. Nikajidanganya, ni mukulima, mikono imekomaa. Nikageuka kwenye mafiga.

Moto ulikuwa umekufa. Sisemi umepungua. Kuni zilikuwa nyeusi, nikazishika, zimelowa maji, baridi kama zimelala ziwani. Na papo hapo Bupe akapiga kelele kule ndani: "Mayo! Mutoto! Mama, mutoto!"

Niliingia mbio. Mwenya alikuwa mikononi mwa muke wangu, na nilipomugusa nilirudisha mukono. Mutoto ambaye sasa hivi alikuwa anapiga mateke kwenye maji ya moto alikuwa baridi, midomo imekuwa ya majivu, pumzi inakuja moja, halafu unangoja, halafu nyingine. Mama mukwe akatoka mbele, akatazama mafiga. Akarudi, akaniangalia usoni. Usoni, mimi mukwe wake! Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeharibu.

"Umemupa nani moto?"

"Muke mumoja. Mukimbizi tu, mama, na mutoto…"

"Toka. Mufuate, umuombe. Bila ule moto usirudi hapa."

Nikatoka na bunduki. Kwa nini niliichukua, sijui. Mukono ulikuwa umeizoea. Njia ilikuwa tope tupu, na nyayo nilizoziona ni zangu tu. Lakini kule chini, penye vichanja vya kuanikia samaki, niliona wekundu mudogo. Nikashuka. Niliteleza nikaanguka mara mbili.

Alikuwa ameketi muchangani, miguu ndani ya maji. Lile kaa ameliweka kifuani kwa mutoto wake, analipulizia taratibu, na mwanga ukamuangaza yule mutoto. Sitaki kukueleza sana. Muchanga ulikuwa umejaa katika tundu za pua. Lakini vidole, naapa, vidole vyake vilikuwa vimeanza kufunguka.

Nikaelekeza bunduki. "Nipe," nikasema. Hakugeuka, nikasema tena: "Nipe moto wangu."

Akainua uso. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote.

"Piga basi, baba," akasema. "Uko na bunduki. Piga."

Ningepiga nini? Nikaitupa, nikapiga magoti katika yale maji, nikalia. Mimi Komanda nikalia. Nikamuambia mutoto wangu anakufa.

"Ni wa kwanza?"

"Wa kwanza."

"Na huyu ni wa kwanza."

Akamutazama mutoto wake. Halafu akaliondoa lile kaa kifuani pake, na vile vidole vilivyokuwa vinafunguka vikajikunja tena. Akanipa. Mimi liliniunguza mpaka ndani ya nyama, kovu lake hili hapa, lakini sikuliachilia.

"Kamata," akasema. "Nitaomba kwenye mulango mwingine."

Ulisikia alivyosema? Mimi nilisikia vizuri sana.

Nikaokota bunduki, nikakimbia. Kaa lile nikalitupa kwenye mafiga na zile kuni zilizolowa zikawaka pale pale, ndimi juu. Mwenya akakohoa, akapiga kelele, ile kelele ya mutoto mwenye njaa na hasira. Bupe akacheka akilia. Mama mukwe akakaa chini akafunika uso na kikwembe chake. Hakuna furaha niliyowahi kuipata kama ile, mpaka leo.

Halafu nikasikia, nje:

"Hodi."

Si kwangu. Kule kwa Kayembe.

Nikaenda dirishani. Alikuwa amesimama mbele ya mulango wao, mugongo kwangu. Bunduki ilikuwa mukononi, baruti ndani, sikuwa nimepiga hata moja. Nilipaswa kufanya nini? Kuinua mudomo wa bunduki hewani na kuvuta, basi. Kayembe angejua kuna hatari, asingefungua, musitari mzima ungetoka. Au kuita tu: Ngoie, usimupe! Neno moja. Lakini nikawaza, nikipiga atageuka. Akigeuka ataona mulango wangu. Nyuma yangu mutoto wangu alikuwa ananyonya, nasikia anavyomeza. Nikafunga mudomo.

Mulango wa Kayembe ulifunguka. Nikamuona Ngoie na kibatari chake, nikasikia anasema, "Pole, mama, ngoja nikuletee." Hakuwa mutu wa huku, nani angemufundisha? Akarudi ndani, akatoka. Kitu kidogo chekundu kikapita kutoka mukono huu kwenda mukono ule.

Nikaondoka dirishani, nikaketi. Haikupita muda nikasikia kilio.

Kayembe alikuja kunigongea yeye mwenyewe, anataka nimusaidie kumutafuta munganga, na mimi nikaenda naye nikikimbia kuliko yeye. Hatukuwahi. Kesho yake tulimuzika Ilunga. Mimi ndiye niliyechimba. Siku tatu baadaye wavuvi walitoa wavuni muke kijana, maiti ya siku nyingi, mutoto amefungwa kifuani. Mutumbwi wao ulikuwa umezama wakivuka, juma moja kabla. Wavuvi walishangaa kitu kimoja: kikwembe cha mutoto kilikuwa na tundu la kuungua, bado linanuka moshi. Mimi sikusema kitu. Bunduki niliitupa ziwani usiku wa siku ile walipowatoa, na nikakataa kuitwa Komanda, watu wakafikiri ni unyenyekevu.

Ngoie hakuzaa tena. Akamupenda Mwenya. Ndiye aliyemusuka nywele mpaka siku ya harusi yake, akipika bukari, ugali wetu, na samaki anamuita kwanza yeye, pacha wa mutoto wake. Kila nilipomuona mutoto wangu amekaa katikati ya magoti ya mama yule, nilikuwa natoka nje. Bupe hakuniuliza hata mara moja. Nafikiri alijua, naye alikuwa anashukuru, na tulioneana haya hivyo katika nyumba moja mpaka alipokufa.

Miaka miwili iliyopita Ngoie aliugua ugonjwa wa mwisho. Kayembe alikuwa ameshatutangulia. Nikasema sasa nitamuambia, nisije nikaenda nayo kaburini. Nikaketi penye kitanda chake, nikaanza, "Mama Ilunga, ile siku ya mvua…" Akanikamata mukono, huu wenye kovu.

"Nyamaza, baba Mwenya," akasema. "Nilikuona."

Nilitaka kuutoa mukono, hakuuachilia.

"Nilipofungua mulango nilikuona dirishani kwako, taa ilikuwa nyuma yako. Uko na bunduki. Mimi niliogopa yule muke, ujue, niliogopa sana. Lakini nikasema moyoni, Komanda ameamka, anatuangalia. Kama ingekuwa hatari angepiga. Ndiyo sababu nilimupa."

Alikufa Jumapili ya juma lile. Mwenya alilia kuliko watu wote, na hajui anachomulilia.

Sasa wewe unayenisikiliza, fanya unavyotaka. Nunua bunduki, nunua kufuli, weka magogo matano nyuma ya mulango. Nyumba yenye mutoto muchanga, usitoe moto, hata akilia aliye nje. Na siku utakaposikia hodi kwa jirani yako, nawe unajua anayebisha hodi ni nani, piga kelele. Piga kelele hata kama atageuka akuangalie wewe.