Mtutu Uliokatwa

Tefiro wa Bwera alikuwa na kibali cha kuua nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mihogo ya watu, na kibali hicho alikipenda kuliko shati lake la Jumapili. Lakini mwaka ule wa 1968 alikuwa amekosa nguruwe watatu mfululizo. Chifu akamwonya: akikosa wa nne, bunduki na kazi vinakwenda kwa Yowasi. Yowasi! Mtu ambaye hata kuku wake mwenyewe humshinda kumkamata!

Lawama zote Tefiro aliutupia mtutu. Ulikuwa mrefu kupita kiasi, ulinasa kwenye migomba na kugonga kizingiti kila alipotoka nyumbani. Sokoni Mpondwe akamweleza shida yake Sosthène, mchuuzi wa vitenge kutoka Butembo, ambaye hakuwahi kushika bunduki lakini hakukosa jibu la jambo lolote.

"Papa Tefiro, kata ile mututu. Risasi iko na njia murefu, inachoka mbele ya kutoka. Njia ikikuwa mufupi, itafika mbio!"

Ikamwingia akilini. Anayetembea toka Bwera hadi Kasese, na anayeishia Mpondwe tu, nani hufika na nguvu? Akachukua msumeno wa chuma, akakata shibiri moja na nusu. Mkewe, Feresita, akaokota kipande na kukifanya cha kupulizia moto jikoni.

Jumamosi asubuhi, kijiji kizima kikitazama, nguruwe akatokea ng'ambo ya bonde. Tefiro akainua bunduki, akatafuta kile kijino cha kulengea kinachokaa mdomoni mwa mtutu. Hakikuwepo. Kilikuwa jikoni. Akafyatua hivyo hivyo. Mlio ukaziba watu masikio, moto ukamuunguza nyusi, na risasi ikatimua vumbi chini kabisa ya nguruwe, ambaye alimalizia muhogo wake ndipo akaondoka.

Mzee Blasio, aliyewahi kuwa askari, alicheka hadi akakaa chini. "Baruti inasukuma risasi ndani ya mututu, bwana! Ukikata, baruti inaungulia inje, risasi inatoka bila nguvu. Wewe iko napika hewa!"

Chifu akampa Yowasi bunduki palepale. Yowasi akaitazama, akazitazama nyusi za Tefiro, akairudisha. "Hii mimi hapana taka."

Hivyo Tefiro akabaki na kazi yake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuungua. Aliona aibu, lakini moyoni alifurahi kweli kweli. Jioni akaingia jikoni kuomba kipande chake, akijiambia kwamba mafundi wa chuma kule mjini Hima hawatashindwa kukiunga.

Feresita hakuacha kupuliza. "Hapana, Baba Mbambu. Hii nusu ndiyo inaivisha chakula."