Mchungaji na Kahawa ya Bibi Rukaiya

Kama hujawahi kumwona mtu anakula mpaka unamwonea wivu, basi hujamwona Mchungaji Kamugisha. Na kama hujawahi kunywa kahawa ukasahau ulikuwa unaenda wapi, basi hujafika kwangu Kurasini, kibanda cha bati la bluu, jirani na yadi ya makontena. Mie ndo Jokha, Mama Salsabil. Shule niliishia la tano, lakini nimelisha maderava wa Zambia na Kongo, nimelisha mawakala wa forodha wenye tai na makuli wasio na shati, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubakiza kitu kwenye sahani yangu. Sijisifu. Aah, najisifu bwana, nani atanizuia?

Mchungaji ni mtu wa Bukoba. Kitambi kiasi, miwani mizito, sauti kama honi ya semi treila. Kanisa lake liko mtaa wa pili kutoka kwangu, la matofali, halina lipu mpaka leo. Siku ya kwanza alikuja kukimbia mvua. Akasimama mlangoni, miwani imejaa ukungu, akawa ananusa tu. Hata salamu hakutoa.

"Hiki ni nini?"

"Kahawa, baba. Kwenu haipo?"

Alicheka mpaka sufuria zikanijibu. Mie masikini sijui namtania mtu ambaye kwao buni wanazitafuna kama sie tunavyotafuna karanga! Akanywa kikombe cha kwanza kafumba macho. Cha pili akanitazama. Cha tatu akauliza, "Samaki ipo?"

Basi nikawa nimempata, au yeye kanipata mie, sijui. Kila asubuhi akitoka maombi yuko kwangu. Samaki anaanza na kichwa, anamung'unya mpaka macho, mfupa anauacha msafi ungedhani umeoshwa. Chapati haikati, anaikunja. Na sala yake ya chakula ni fupi hatari. Marijani, kuli mmoja mdomo mchafu, alikuwaga anamuuliza, "Mchungaji, hiyo ilikuwa sala au umepiga chafya?"

"Chakula kikipoa, Marijani, Mungu mwenyewe anasononeka."

"Na Jumapili mbona sala zako haziishi?"

"Jumapili nakuwa nimeshakula."

Akienda kwao anarudi na mfuko wa buni, mie nazikaanga. Akaniletea na senene siku moja, nikamwambia hao wadudu wako usiwaweke karibu na chungu changu, na nguruwe wa kitimoto ukila huko ukija hapa unanawa mpaka kwenye kiwiko. Anacheka tu. Upepo ulipoezua bati langu alikuja na vijana wa kwaya, wakapanda juu na misumari, yeye chini anashika ngazi na anakula andazi. Ukimuona siku zingine kakaa jikoni kwangu, mchungaji mzima, kakalia mbuzi anakuna nazi, shati kalifungua vifungo viwili. Mteja gani anakukunia nazi? Huyo nikamhesabu ndugu. Salsabil anamwita mjomba.

Sasa nikwambie ishu ya kahawa yenyewe. Tangawizi na iliki kila mtu anaweka, hata wewe. Ya kwangu nimefundishwa na bibi yangu, Bibi Rukaiya, Mungu amrehemu. Unachukua kaa la moto, unalidondoshea punje ya ubani mastaki, ule waliokuwa wakifukizia mitungi ya maji zamani. Birika tupu unaliinamisha juu yake mpaka linywe moshi, halafu ndo unamimina kahawa. Harufu haikai juu. Inakaa chini kabisa, unaikuta ukishameza. Bibi alikuwa anaifanya kafunga mlango, hata wakwe zake hawakuambiwa. Mie nilifunga mlango miaka yote. Nikaja kumfungulia mmoja, kakalia mbuzi yangu, kaniuliza kwa upole, "Mama Salsabil, hiki kinachokuja mwishoni unakitoa wapi?" Nikamwonyesha. Ndo maana na wewe nakutajia bila wasiwasi, usharika mzima unajua sasa hivi.

Mwaka huu kanisa likaamua kufungua mgahawa uwanjani kwao, wapate hela ya kumalizia jengo. Mgahawa akapewa Auleria, shemeji yake Mchungaji, mdogo wa mkewe. Mchungaji mwenyewe akaja kunitoa hofu.

"Sie tutauza soda na maandazi tu. Kahawa ni kwako."

"Hata mkiuza kahawa, Mchungaji, nani atainywa?"

"Hakuna," akasema, akasogeza sahani nimuongeze wali.

Siku ya uzinduzi akanialika. Nikavaa baibui langu la sherehe, nikabeba sinia la kashata za zawadi, Marijani nikamwambia avae shati. Turubai limefungwa, maputo, spika mbili kubwa kama makabati. Auleria anapita na vikombe. Nikachukua kimoja kwa adabu tu, nikijua nakwenda kunywa maji ya moto yaliyoona kahawa kwa mbali.

Nikameza. Na kule chini kabisa, bibi yangu akanisalimia.

Nikamtazama Auleria. Akaangalia pembeni. Hapo hata sijakasirika bado, wallahi. Nikasema labda kataka kunishtukiza, sasa hivi atanitaja, nitasimama nipigiwe makofi. Nikaanza na kuweka mtandio sawa, si unajua, watu wakigeuka wanikute vizuri.

Mchungaji akashika maiki.

"Ndugu zangu, hii kahawa mnayokunywa ni ya marehemu mama yangu. Kule kwetu Kanyigo, mie mtoto, nakaa naye jikoni, alikuwa analifukiza birika kwa ubani hivi hivi. Kila nikinywa namuona."

Watu wakasema amina. Mama mmoja akajifuta machozi. Marijani akanigonga na kiwiko.

"We Jokha, si hii ndo ile..."

"Nyamaza."

"Ubani mastaki Kanyigo? Nani aliwapelekea, senene?"

"Nyamaza nimesema!"

Mie mwenzio, ninayejibu maderava watano kwa mpigo huku nageuza chapati, nikakiweka kikombe chini. Angesema ni ya kwake, ningemcheka. Angesema kaiota usingizini, ningemcheka vilevile. Lakini alimtoa bibi yangu mlangoni, akamkaribisha mama yake akae kwenye kiti chake. Kashata nikaziacha mezani, nikaondoka.

Jumatatu akaja. Kapitiliza jikoni kama kawaida, sura imeshuka.

"Mama Salsabil, najua umekasirika."

"Mama yako alikuwa anafukiza birika?"

"Alikuwa anapika kahawa nzuri sana."

"Sijauliza hivyo."

Akavua miwani, akaifuta na shati. "Hapana. Hakuwa anafukiza. Nilishika maiki, watu wananitazama, nimemkumbuka mama, ikatoka tu."

"Basi Jumapili ikutoke tena. Maiki ileile. Useme ni ya Bibi Rukaiya wa Kurasini, bibi yake Jokha. Mgahawa endeleeni, kahawa uzeni, mie sitaki kingine."

"Nisimame niseme nimedanganya, tena kuhusu mama yangu? Nani atanisikiliza nikifungua Biblia?"

"Mie nitakusikiliza."

Akairudisha miwani usoni. Kisha akasema, "Nitasema. Nakuahidi." Nikamwamini. Nikampa na samaki, yule mkubwa.

Jumapili nikafunga kibanda. Kufunga kibanda mie! Nikaingia kanisani na baibui langu, nikakaa benchi la nyuma kabisa. Watu wanageuka, wananong'ona, mzee wa kanisa kaniletea kitabu cha nyimbo kwa heshima, nikakishika hata sijui nakishika juu chini. Mchungaji alipopanda madhabahuni alinitafuta na macho mpaka akanipata. Akanitikisia kichwa. Moyo wangu ukatulia.

Akahubiri kusamehe.

"Kuna watu," akasema, na ile honi yake, "wanashikilia vitu vidogo. Kitu kidogo, kinakuwa kesi. Mwingine hata kikombe cha kahawa anaweza kukifungulia mashtaka mbinguni!"

Kanisa zima likacheka. Walicheka vizuri, maana alikuwa anajua kuchekesha, nusu ya mizaha yake kaipata kibandani kwangu. Mie ndo huwaga nawachekesha watu. Siku ile nilikaa katikati ya watu wanacheka, nikawa mie ndo wanayemcheka, na wenyewe hawajui. Nikangoja. Nikasema labda ni utangulizi, anazunguka, atafika. Wakaimba. Wakatoa sadaka. Akafunga ibada. Nikarudisha kitabu kwa yule mzee, nikatoka.

Jumanne nikamuona anakuja, kakunja mikono ya shati tayari. Akaelekea jikoni. Nikasimama mlangoni.

"Karibu mteja. Benchi ziko nje."

"Mama Salsabil..."

"Ziko nje, mteja. Leo kuna samaki changu na kibua."

Marijani alikuwa amejaza mdomo, akaacha kutafuna. Mchungaji akageuka taratibu, akaenda kukaa benchi la nje kati ya Marijani na dereva mmoja wa Tunduma. Pembeni walikuwepo waumini wake wawili, wanaopakua mizigo yadini. Wakamwamkia, "Shikamoo Mchungaji." Akaitikia kidogo sana.

Nikampa chakula. Sikumpunguzia, sikumuunguzia, mie siwezi kuharibu chakula kwa ajili ya mtu. Na yeye akala! Nilidhani hatakula. Alianza na kichwa, akakunja chapati, akamaliza, akapangusa sahani. Nikamimina kahawa kwenye birika lililokunywa moshi kama siku zote, kwa nini niache cha bibi yangu? Nikampa kikombe mkononi. Akafumba macho.

"Nzuri?" nikamuuliza, kwa sauti ya benchi zote.

"Nzuri sana."

"Ya nani?"

Akafumbua macho. Dereva wa Tunduma akatutazama, haelewi kitu. Marijani akainama anatazama viatu. Wale waumini wawili wakamgeukia Mchungaji wao, wanatabasamu, wanangoja jibu maana wanalijua, walikuwepo chini ya turubai wakapiga makofi. Neno nililolitaka mie lilikuwa moja tu, Rukaiya. Hata maiki halikuhitaji.

Akanitazama. Akawatazama wale. Akakitazama kikombe.

"Niongezee kidogo," akasema.

Nikamwongezea. Halafu nikaingia ndani kuosha masufuria.