Mpimaji wa Mawimbi ya Ubongo

Mpimaji wa mawimbi ya ubongo, pale Nyeri, hakumgusa mgonjwa wa kifafa kabla hajasugua viganja vyake vikapata joto. Siku moja ya mwaka 1996 alimbandika msichana mgonjwa, Murugi, nyaya kichwani, akimwomba radhi kwa kila unywele uliovutika. Kisha akamwonyesha kadi mbili za picha, ya ng’ombe na ya mlima, achague moja, kalamu za mashine zichore jinsi ubongo unavyoamua. Murugi akasita.

“Chagua ya ng’ombe,” baba yake akadakia, kama alivyomchagulia kila kitu tangu augue, hata kuacha shule.

“Mzee, hapa tunapima kichwa yake, si yako.” Mpimaji akangoja, mikono nyuma, hadi Murugi akagusa ya mlima. Akainua karatasi kwa fahari. “Ona! Ameamua mwenyewe.”

Baba akavua kofia. “Basi, Murugi, shule unataka kuru…”

“Nataka!”